Maneno ya Mwiko katika Kibali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na watu wanaojifunza Kibali, wanaosafiri kwenda Bali au waliopata wakwe huko. Kibali tunachokisema hapa ni lugha ya Wabali, kisichanganywe na kibali cha ruhusa. Baadhi ya maneno humu ni mazito, na tumeyaandika wazi kwa kuwa mtu hawezi kujihadhari na asichokijua. Ashakum si matusi.

## Mambo ya msingi

1. Kibali kinazungumzwa wapi?

Kinazungumzwa Bali, kisiwa cha Indonesia kilichoko mashariki mwa Java, na katika kisiwa kidogo cha Nusa Penida. Kinasikika pia magharibi mwa Lombok na katika vijiji vya Wabali waliohamia Sulawesi na Lampung, kusini mwa Sumatra. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 katika mkoa wa Bali. Wengi wao ni Wahindu, ingawa Indonesia kwa jumla ni nchi yenye Waislamu wengi. Kibali ni jamaa ya Kijava na Kimalei, na kwa mbali ni jamaa ya Kimalagasi cha Madagaska, jirani zetu wa Bahari ya Hindi.

2. "Neno la mwiko" ni matusi tu, au kuna zaidi?

Matusi ni sehemu ndogo. Kama lugha zote, Kibali kina maneno ya aibu yanayotaja sehemu za siri. Ila kinachowaumiza Wabali zaidi kwa kawaida ni neno safi kabisa, la kila siku, lililotamkwa mbele ya mtu asiyestahili kuambiwa hivyo. Kuna tena maneno yanayoepukwa kwa hofu, kama jina la mchawi usiku au jina la panya shambani. Mengine huepukwa kwa sababu ni matakatifu mno.

Mambo haya yote yana mzizi mmoja. Wabali wanaona kila kitu kina mahali pake, juu au chini: mlima na bahari, kichwa na miguu, mungu na mtu, mtu na mnyama. Neno linakuwa baya pale linapokiondoa kitu mahali pake.

3. Daraja za lugha ni nini, na zina uhusiano gani na mwiko?

Sisi tuna *kufa* na *kufariki*, na tunajua mtu gani husemwa amefariki na mnyama gani husemwa amekufa. Wabali wamelifanya jambo hilo kuwa mfumo mzima, unaoitwa *sor-singgih*, yaani chini na juu. Kuna lugha ya chini kabisa, *kasar*. Kuna ya kawaida ya nyumbani na marafiki, kisha ya kati, kisha ya heshima, *alus*. Hiyo *alus* nayo ina pande mbili, ya kumpandisha unayemsema na ya kujishusha wewe mwenyewe.

Mwangalie mama wa kijijini asubuhi, nyuma ya nyumba. Amekatakata shina la mgomba, amechanganya na pumba, anamimina horini. Nguruwe wanakula: *ngamah*. Anarudi jikoni, watoto wake wanakula: *madaar*. Mgeni anapita, anakaribishwa ale: *ngajeng*. Mchana kuhani anafika kuongoza sadaka, naye akila ni *ngrayunang*. Kuhani akimuuliza mama kama na yeye amekula, mama atajibu kwa neno la kujishusha, *neda*. Wote wamekula tu. Vitenzi ni vitano, na hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya mwenzake bila mtu kusikia.

Kwa hiyo *ngamah* si tusi. Ni neno la hori la nguruwe. Mwambie mgeni, na utakuwa umemweka pale pamoja nao.

4. Mtu anajuaje atumie daraja gani?

Kwa umri, cheo, mazoea, na zaidi ya yote kwa tabaka la kuzaliwa. Wabali wanatofautisha *triwangsa*, yaani Brahmana, Ksatria na Wesia, na *jaba*, watu wa nje, ambao ndio wengi. Jina husaidia. Ida Bagus na Ida Ayu ni wa Kibrahmana, na Anak Agung au Cokorda ni wa nasaba za kifalme. Wayan, Made, Nyoman na Ketut ni majina ya mpangilio wa kuzaliwa, wa kwanza hadi wa nne, na mara nyingi mwenye jina hilo bila cheo mbele yake ni *jaba*.

Zamani, wageni wawili wakikutana njiani, mmoja angeuliza kwa upole: *antuk linggih?* Maana yake ni kama kumuuliza mtu kiti chake kiko wapi. Baada ya jibu ndipo mazungumzo yangeanza, kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyejua atumie kitenzi gani. Leo swali hilo limepungua. Asiyejua hutumia lugha ya heshima kwa kila mtu na humwita mwenzake *jero*, au huhamia Kiindonesia (tazama swali la 18).

5. Je, nikitumia lugha ya juu kabisa wakati wote niko salama?

Kwa unayezungumza naye, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kwako mwenyewe, hapana. Neno la kupandisha ukilitumia kujisema wewe, mathalani *ngrayunang* ukimaanisha chakula chako, utasikika umejitawaza. Wanafunzi wengi huteleza hapa, maana wamekariri "neno la heshima" bila kukariri la nani. Kanuni ni fupi: mwenzako mpandishe, mwenyewe jishushe.

## Mwili

6. Kwa nini kichwa kina uzito mkubwa hivi?

Mwili wa mtu umegawanywa sehemu tatu. Kichwa ni *utama*, bora. Kiwiliwili ni *madya*, cha kati. Miguu na sehemu za siri ni *nista*, duni. Kisiwa kizima kimegawanywa vivyo hivyo, kutoka mlimani walipo miungu hadi baharini kunakopelekwa machafu. Ndiyo sababu Mbali hulala kichwa kikielekea mlimani au mashariki, haelekezi miguu huko, hapendi kushikwa kichwa, na hapiti chini ya kamba iliyoanikwa nguo za ndani.

Maneno yamefuata mpangilio huo huo. Kichwa cha mtu wa juu ni *prabu*, neno ambalo pia humaanisha mfalme. Kwa heshima ya kawaida ni *sirah*. *Tendas* ni cha mnyama, au cha mtu unayemdharau. Miguu ni *batis* kwa lugha ya kawaida na *cokor* kwa heshima. Lile jina la kifalme, Cokorda, limetokana na *cokor i dewa*, miguu ya mungu. Mtu wa chini hakuthubutu kumsemesha mwana wa mfalme usoni. Aliisemesha miguu yake.

7. *Naskleng* maana yake nini, na kwa nini linachukuliwa kuwa zito?

Ndilo tusi la Kibali linalojulikana zaidi na wageni, na ndilo wanalolikosea zaidi kwa kudhani ni neno la mzaha. Limeunganishwa kutoka *tendas*, kichwa kwa lugha ya chini, na *keleng*, uume kwa lugha ya chini vilevile.

Baada ya swali la 6 unaona ubaya wake ulipo. Kutaja uume ni aibu kila mahali. Hapa kilicho bora kabisa mwilini kimebandikwa kilicho duni kabisa, na vyote viwili kwa maneno ya daraja la mwisho. Mpangilio wa mwili umepinduliwa kwa neno moja. Lipo pia *teli*, la uke, na hilo wengi hawalitamki hata kwa hasira. Kumtupia mtu *naskleng* machoni, hasa mkubwa wako, ni mwanzo wa ugomvi wa mikono. Kati ya marafiki hali ni tofauti (swali la 18).

8. Kuna viungo vingine vyenye jina la kutukanisha?

Mdomo. *Bungut* ni mdomo wa mnyama, na *cangkem* ni wa heshima. Kumwambia mtu afunge *bungut* wake kunakaribia sana kile tunachokisikia mtu anapoambiwa afunge domo. Jicho ni *mata* kwa kawaida, na la mtu wa heshima ni *panyingakan*, neno lililotokana na kitenzi cha kutazama. Tabia hiyo ya kukitaja kiungo kwa kazi yake, bila kukigusa moja kwa moja, inajirudia sana katika lugha ya heshima.

9. Wabali hufanyaje wanapolazimika kutaja jambo la aibu?

Huomba radhi kwanza. Msemaji huanza na *nawegang* au *tabik*, kisha husema linalomlazimu kusema. Ni "ashakum si matusi" yetu kabisa, hata kwa mahali inapokaa katika sentensi. Tofauti ni kwamba Mbali haombi radhi ya wasikilizaji peke yao. Anajikinga pia na *tulah*, madhara yanayompata aliyevuka mpaka mbele ya wakubwa, wahenga au miungu: ugonjwa, mikosi, mazao kuharibika. Kwa hiyo utamsikia mzee akisema *nawegang* hata akiwa peke yake, akitaja jambo linalohusu mahali patakatifu.

## Wanyama

10. Mbona mbwa ni tusi kubwa, na mbwa wamejaa kila uchochoro wa Bali?

*Cicing* ni mbwa, neno la kawaida kwa mbwa mwenyewe. Akiitwa hivyo mtu, ni tusi kali. Mbwa wa Bali hulala njiani na hula sadaka zilizokwisha kutolewa na kuwekwa chini. Kumwita mtu *cicing* ni kumwambia anaishi kwa masalio.

Wanaojua Kijava hushangazwa na jambo moja. *Asu*, ambalo Java ni tusi baya mno, Bali ndilo neno la heshima la mbwa. Limetoka katika lugha ya zamani ya vitabu, na vya vitabuni huwa vya juu. Na hadithi ya Mahabharata, utenzi wa kale wa India, kama wanavyoisimulia Wabali, inamwonyesha mfalme Yudhistira akikataa kuingia mbinguni bila mbwa aliyemfuata njia nzima. Sioni mgongano hapo. Mbwa ana heshima yake kama mbwa, na kosa ni kumbandika mtu jina lake. Nguruwe ni vivyo hivyo: *celeng* kwa kawaida, *bawi* kwa heshima, na *celeng* likielekezwa kwa mtu ni tusi.

11. Kwa nini wakulima humwita panya "Jero Ketut"?

Panya ni *bikul*. Ila shambani, mpunga unapokaribia kukomaa, wakulima wengi hawalitaji neno hilo. Wanasema Jero Ketut: *jero* ni neno la kumheshimu mtu, na Ketut ni jina la mtoto wa nne. Panya akisikia anatajwa vibaya, inaaminika, atakuja na wenzake kulipiza.

Wasomaji wengi waliokulia Afrika Mashariki walikatazwa kumtaja nyoka usiku, wakafundishwa kumwita kamba. Bali wamekwenda hatua zaidi. Maeneo ya Tabanan, panya wakizidi kuharibu mpunga, jumuiya za umwagiliaji, *subak*, huwaua, kisha huwafanyia ibada ya kuchoma maiti kama wanavyofanyiwa watu, ili roho zao zisirudi na njaa. *Subak* hizo hizo ndizo UNESCO iliyoziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012.

## Majina, wafu na wachawi

12. Ni vibaya kumwita mtu mzima kwa jina lake?

Kwa desturi, ndiyo, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya maelezo marefu. Kwetu mtu akipata mtoto anakuwa Baba Juma au Mama Asha, na jina lake linaachwa kwa wazazi wake na watu wa rika lake. Bali, hasa katika familia za *jaba*, ni *Pan* na jina la mtoto kwa baba, *Men* kwa mama, na akipata mjukuu jina hubadilika tena na kuwa *Kak*, babu wa fulani.

Clifford Geertz na Hildred Geertz, wanaanthropolojia Wamarekani waliofanya utafiti Bali miaka ya 1950, waliandika juu ya desturi hii kwa kirefu. Waliona jina la binafsi linatumika kwa nadra, na mtu anapofikia uzee ni wachache wanaolijua. Mijini leo utasikia zaidi *Pak* na *Bu* za Kiindonesia, na *bli*, kaka, au *mbok*, dada. Kutaja jina la baba wa mwenzako waziwazi bado ni uchokozi.

13. *Leak* ni nini, na kwa nini haifai kulitaja neno hilo usiku?

*Leak*, linalotamkwa kwa silabi mbili, le-ak, ni mtu mwenye uchawi anayeweza kugeuka usiku akawa nyani, moto unaoelea au kiumbe kingine. Mchana ni jirani yako. Kulitaja jina gizani kunaaminika kumwita, na hata ukiona mwanga wa ajabu makaburini hufai kuuliza kwa sauti kama ndiye.

Mwiko huu una upande wa pili, nao ndio mzito. Kumwita mtu *leak* ni kumtuhumu, na tuhuma hiyo huweza kuifanya familia nzima iogopwe kijijini. Ugomvi wa namna hiyo wakati mwingine hupelekwa mbele ya kijiji cha mila, na watuhumiwa hutakiwa kula kiapo hekaluni. Mojawapo ya adhabu kubwa za jumuiya, *kasepekang*, nayo inahusu maneno. Aliyeadhibiwa hasemeshwi na mtu. Anaishi pale pale, anapita njia ile ile, na salamu yake haijibiwi. Nadhani mtu aliyekulia penye "hodi" na "karibu" anaweza kupima ukali wa adhabu hiyo kuliko ya faini.

14. Nisemeje kwamba mtu amekufa?

*Mati* ni neno la kawaida, halifai kwa marehemu unayemheshimu. *Bangka* ni la mnyama, na kulitumia kwa mtu ni laana. Kwa mtu wa heshima sema *seda*, na kwa kuhani mkuu au mfalme *lebar*. Mzoga ni *bangke*. Mwili wa marehemu ni *layon*. Ukienda msibani na Kibali chako ni kidogo, shika *seda* na *layon*, hayo mengine yaache.

## Maneno matakatifu

15. Nimesikia kuna maneno yasiyotajwa kwa sababu ni matakatifu. Ni yapi?

Katika maandiko ya *lontar*, yaliyochanjwa kwa kisu juu ya majani ya mti wa mvumo, mara kwa mara hutokea onyo: *aja wera*, usitangaze. Linahusu mantra, yaani maneno ya ibada, na herufi takatifu, kama *Ongkara* na zile kumi ziitwazo *dasaksara*. Herufi hizo zinahesabiwa kuwa hai na zenye nguvu. Asiyetakaswa akizichezea anajidhuru mwenyewe.

Uhai huo wa herufi unaonekana siku ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, inayokuja kila baada ya siku 210. Vitabu na *lontar* hukusanywa na kutolewa sadaka, na kwa mila mtu hasomi wala haandiki mpaka ibada imalizike. Na katika *lontar* kosa halikwaruzwi. Mwandishi huiwekea herufi alama mbili kwa pamoja, moja juu na moja chini, nayo huhesabiwa imekufa, msomaji anairuka. Alama ya juu inaitwa *ulu*, kichwa, na ya chini *suku*, mguu. Zinapokuwa pamoja kwenye herufi moja, haisomeki. Ukirudi kwenye swali la 7 utaona ni mantiki ile ile.

## Tabaka na historia

16. Kuna watu waliowahi kuadhibiwa kwa sababu ya mambo haya?

Ndiyo. Sheria za zamani zilizofuatwa na falme za Bali ziliita maneno machafu dhidi ya mtu *wakparusya*, na ukubwa wa adhabu ulitegemea tabaka la aliyetukana na la aliyetukanwa.

Lakini ukitaka kuona ukali wa lugha hii, tazama majina ya makatazo mawili ya ndoa. Mwanamke wa Kibrahmana akiolewa na mwanamume wa tabaka la chini, kosa liliitwa *asu pundung*, na humo ndani kuna mbwa. Mwanamke wa Ksatria au Wesia akiolewa na *jaba*, liliitwa *alangkahi karang hulu*, kukiruka kichwa. Mbwa na kichwa, kama tulivyoeleza katika maswali ya 6 na 10, vimeingizwa sheriani kumhukumu mwanamume aliyependa pasipo pake. Wapenzi walifukuzwa wakapelekwa mbali na kisiwa, hata wakati wa utawala wa kikoloni wa Waholanzi. Baraza la kutunga sheria la Bali liliyafuta makatazo hayo mwaka 1951, kwa hiyo wapo wazee walio hai leo waliozaliwa yakiwa bado yanatumika.

Wasomi wa *jaba* wa Singaraja, mji wa kaskazini mwa Bali, wengi wao walimu na makarani, walianzisha jarida la *Surya Kanta* mwaka 1925 kupinga upendeleo wa kuzaliwa. Walitaka heshima ifuate elimu na mwenendo. Jarida la upande wa pili, *Bali Adnjana*, lilitetea utaratibu wa tabaka. Mabishano yao bado yanaendelea kwa namna nyingine kila mzee wa *jaba* anapojibiwa kwa lugha ya chini na kijana wa nasaba ya juu.

## Leo

17. Ni kweli kwamba watu wa Buleleng wanatukana kila wanapozungumza?

Hapana, ingawa wa kusini husema hivyo. Buleleng ni kaskazini, na mji wake ni Singaraja. Huko *kola*, mimi, na *nani*, wewe, ni maneno ya mazoea. Kusini yanasikika makali. Pia vijiji vya kale vya milimani, vinavyoitwa Bali Aga, vina lahaja ambazo hazina mfumo kamili wa daraja. Mtu wa huko akisema neno "la chini" hajamshusha mtu, kwa kuwa kwake hakuna la juu aliloliacha.

18. Vijana bado wanazifuata daraja hizi?

Nyumbani, hekaluni na katika mikutano ya *banjar*, yaani mtaa, wengi wanajitahidi. Njiani mambo ni tofauti. Wavulana wa rika moja huitana *cicing*, na *naskleng* huingia katika kila kicheko. Hapo neno limekuwa alama ya undugu: anayeweza kukutukana bila wewe kukasirika ni wako. Akipita mzee, sauti hushuka na maneno hubadilika papo hapo. Kwa hiyo mwiko haujafa. Wanajua mipaka yake kiasi cha kuweza kuichezea.

Kinachotia wasiwasi ni kingine. Kijana asiyejua tabaka la aliye mbele yake, akiogopa kukosea kitenzi, huona afadhali Kiindonesia, lugha isiyomuuliza kiti chake. Hofu ya kukosea inawafukuza watu kutoka lugha yao wenyewe, na mimi naona hiyo ni hasara kubwa kuliko tusi lolote. Serikali ya mkoa ilitoa kanuni mwaka 2018 ya kutumia Kibali maofisini na shuleni kila Alhamisi, na tangu 2019 Februari ni mwezi wa lugha ya Bali.

19. Mbona kwenye maonyesho ya vikaragosi wanatukana na watu wanacheka?

Katika *wayang*, miungu na wafalme husema Kikawi, lugha ya kale ambayo watazamaji wengi hawaielewi. Watumishi wao, Twalen na Merdah upande mmoja, Delem na Sangut upande wa pili, hutafsiri kwa Kibali cha kila siku. Delem ni mwenye majivuno na domo kubwa. Watumishi wana ruhusa ya kusema yaliyokatazwa, kumchokoza tajiri na kumkosoa mkuu wa kijiji aliyekaa mstari wa mbele. Vichekesho vya *bondres*, vya watu wenye vinyago, vina uhuru huo huo. Ruhusa ni ya jukwaani. Aliyeshuka jukwaani anarudi kwenye *alus* kama mwingine.

## Kwa msemaji wa Kiswahili anayekwenda Bali

20. Kuna maneno ya Kiswahili yanayoweza kuniponza?

Yapo matatu, na kwa bahati ya ajabu yote matatu ni "wewe" ya chini. Herufi *c* ya Kibali husomwa *ch*, kwa hiyo *cai*, "wewe" anayoambiwa mwanamume wa chini yako au rafiki wa karibu, linasikika "chai". *Nani* ni "wewe" ya Buleleng iliyotajwa katika swali la 17. *Iba* ni "wewe" ya dharau, ya ugomvini, ingawa *a* ya mwisho hutamkwa hafifu, karibu na *e*. Muktadha na lafudhi yako vitakuokoa kwa kawaida. Usijifunze tu *cai* kutoka kwa marafiki wa kahawani ukaenda nalo kwa baba mkwe.

21. Nikisema Kiindonesia pekee, nimekwepa yote haya?

Karibu yote. Neno moja liangalie: *butuh*. Kwa Kiindonesia ni kuhitaji, neno la kila siku. Kwa Kibali linataja sehemu za siri za mwanamume. Wabali wamelizoea katika Kiindonesia na hawatakukasirikia, ila mbele ya bibi wa kijijini *perlu* ni salama zaidi.

22. Nimeshakosea. Nifanyeje?

Sema *ampura*, naomba msamaha, au kwa heshima zaidi *nunas ampura*, ukiinamisha kichwa kidogo. Usijaribu kueleza ulichokusudia. Mgeni anasamehewa haraka kuliko mwenyeji, kwa kuwa hana mahali palipowekwa tayari katika mpangilio wao. Kama kosa lilitokea ndani ya hekalu, mwambie mwenyeji wako, maana vijiji vingi vina sheria zake, *awig-awig*, kuhusu maneno na mwenendo ndani ya eneo takatifu, na yeye ndiye atakayejua kama kunahitajika sadaka.

23. Nimemsikia mtu akisema "kleng!" baada ya kujikwaa, peke yake. Alimtukana nani?

Hakumtukana mtu. Ni neno la swali la 7 lililobaki nusu, limetoka kwa maumivu, halina wa kumlenga. Likisikika na wakubwa, aliyelisema huona haya na kuomba *ampura*. Wasipokuwapo, husugua kidole na kuendelea na safari.